Maji ya Mchele Yaliyonitoa Safuni

Upele niliupata Kabambare, kwenye mkeka wa watu watano, nikauleta Kasongo kama mtu aletavyo zawadi. Siku zile nilikuwa natembea tu. Nilizaliwa upande wa Lusangi, chuo cha Kurani nilikitoroka kabla sijafika katikati ya juzuu ya kwanza, na tangu hapo kila msafara uliopita niliubebea mzigo kwa sababu moja: nilitaka kuona unakokwenda. Kasongo nilikuta mashamba ya mpunga, nyumba pana za udongo, na mzee mmoja mfanyabiashara aliyeniruhusu nilale barazani kwake kwa kuwa nilimwambia najua kusoma barua. Nilijua kusoma barua fupi.

Kilichonishika pale hakikuwa baraza. Ilikuwa safu ya Ijumaa. Nilikuwa na kanzu ya kuazima na kofia iliyonibana, lakini nikisimama msikitini bega kwa bega na watu wazima wa mji, hakuna aliyeniuliza mimi mtoto wa nani. Mahali pengine pote niliulizwa.

Sasa, mwenye upele hawezi kusimama bega kwa bega. Ukitembea, upele unalala. Ukisimama kusali, unaamka. Ijumaa ya pili nilijikuna vidole, nikajikuna kwapa, na katika sijda nikajikuna mahali ambapo sitapaandika. Tulipoinuka, jirani yangu wa kushoto alikuwa ameshasogea hatua nzima. Wa kulia naye vivyo hivyo. Nilibaki na nafasi ya kutosha kulaza mbuzi.

Mzee mwenye nyumba aliningoja nje.

"Kijana, nilikukaribisha wewe. Hao wadudu wako sikuwakaribisha."

"Ni joto tu, bwana."

"Joto halimchezeshi mtu ngoma ndani ya swala. Nakupa wiki mbili. Ukiwa bado unajikuna, msikitini usije, na barazani kwangu usilale."

Mtu mwenye akili angeuliza dawa kwa wanaojua. Mimi niliamua kuvumbua. Nilianza na ndimu na chumvi, nikapiga kelele mpaka kuku wa nyumba tatu wakakimbia. Nikaja kwa mawese yaliyochanganywa na unga wa mkaa. Upele haukujali, ila kanzu ya kuazima ikapata mgongo wa rangi ya kutu, na mwenyewe hakunisalimu tena. Kisha nikapika sabuni. Nilichoma maganda ya ndizi, nikachuja maji ya majivu yake, nikayachemsha na mawese kama wafanyavyo wanawake. Wao, lakini, huonja kwanza maji ya majivu kwa ncha ya ulimi kujua ukali wake, nami niliona kuonja ni woga. Sabuni yangu ilitoa uchafu, ikatoa na ngozi. Nilikaa siku mbili uani nimeinua mikono juu kama mtu aliyetekwa vitani.

Katika kukaa hivyo ndipo nikaona viganja vya mama aliyekuwa akitwanga mpunga. Alikuwa mtu mzima, Mbangubangu kwa kabila, aliyeletwa katika nyumba ile bila kuulizwa kama anataka. Mchi aliushika tangu ujana, na bado viganja vyake vilikuwa laini, havina hata ufa mmoja. Nikasogea kuvitazama vizuri.

"Weye mutu wa kujikuna, unachungulia nini?"

"Mikono yako, mama. Unapaka nini?"

"Sipaki kitu. Naosha muchele, maji yake naweka. Yakichacha, naoga."

"Yakichacha? Si yatanuka!"

"Na weye unanukia?"

Akanipeleka nyuma ya jiko, kivulini, kwenye chungu cheusi kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na maji meupe yenye harufu kali ya uchachu. Katika ua ule wote, chungu kile ndicho kitu pekee alichokiita chake. Akanieleza: maji ya kwanza ya kuoshea mchele mwaga, ya pili weka, ngoja siku tatu, ukichota, chota juu, chini bakiza.

"Huko chini iko mama," alisema. "Mama ndiye anachachusha. Usimuoshe."

Akanimiminia kidogo ya yule mama wa chini katika chungu kingine. Na mimi, mtu mgeni katika usafi, nikautazama ule utelezi mweupe, nikaona ni uchafu, nikausugua kwa sabuni yangu ileile ya kubandua ngozi mpaka chungu kikang'aa. Ndipo nikatia maji mapya ya mchele. Siku ya tatu yalinuka kama panya aliyefia darini. Nilijipaka hivyo hivyo.

Mama alicheka mpaka akauegemea mchi asianguke. "Amemuua mama! Amemuua na sabuni!" Akawaita wenzake waje wanione. Walikuja. Mmoja alinipa pole ya msiba.

Alipochoka kucheka alinihurumia, akaanza kunichotea katika chungu chake mwenyewe, ila alinikataza kukigusa. Alinifanya nijisugue kwanza kwa dodoki, nichemshe kanzu na shuka, na mkeka wangu niuchome moto. Siku ya nane muwasho ulikuwa umebaki katika kidole kimoja. Mpaka leo sijui kilichoniponya ni maji yale au ni moto ule. Nilipomuuliza, alisema anayeuliza hivyo bado hajawashwa vya kutosha.

Ijumaa ya mwisho ya muda wangu ikafika. Mimi huamini kwamba kitu kikifaa kidogo, kitafaa zaidi kikizidi. Kwa hiyo nilijimwagia maji yale toka utosini na sikujisuuza. Nikatia udhu juu yake, nikaenda. Jua lilikuwa kali. Tulipopanga safu, watu wakabanana nami vizuri, na moyo wangu ukatulia. Kisha jirani akavuta pumzi mara mbili, na swala ilipokwisha akasema kwa sauti, "Huyu amekunywa."

Nikajitetea kwamba ni maji niliyojipaka, ya chungu kilicho nyuma ya jiko, na mwalimu wa msikiti akaagiza chungu hicho kiletwe. Kikaletwa, na mama mwenyewe akakifuata, akasimama nje ya mlango.

"Hiki ni nini?" mwalimu aliniuliza.

"Maji ya mchele."

"Yamechacha?"

"Kidogo."

"Pombe nayo ni nafaka iliyochacha kidogo. Kama yanalevya, ni najisi, nawe umetutilia najisi kwenye mikeka, na chungu kitavunjwa." Akawatazama watu. "Nani hapa anaijua ladha ya pombe, atuambie kama ndiyo hii?"

Mmoja alitazama boriti. Mwingine akagundua uzi katika mkono wa kanzu yake. Mtu mnene wa biashara, ambaye mimi kwa macho yangu nilimkuta Kabambare amelala amekumbatia mtungi, akasema kwa upole, "Mimi nasikia tu kwamba huwasha pua."

"Unasikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Wamekwisha kufa."

Mwalimu akaashiria chungu kiinuliwe. Mama pale mlangoni alikuwa akikitazama tu. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ajili yake. Labda robo ya maneno ilikuwa yake. Robo tatu ilikuwa ya kile kidole changu, ambacho kilikuwa kimeanza kuwasha tena.

"Mwalimu, mimi naijua."

Nikachovya, nikaonja. Ningesema "si pombe" nikanyamaza, yangeisha. Lakini ni nadra mtu kuniuliza jambo ninalolijua, na likitokea sijui pa kusimama. Nikaeleza kwamba pombe ya ndizi huanza na utamu ndipo ikauma nyuma ya koo. Tembo la mchikichi asubuhi ni kama maziwa, jioni ni kama ngumi. Pombe ya Lusangi hupanda kichwani, ya Kabambare hushuka magotini. Haya hapa ni uchachu mtupu, kama ukwaju. Mtu akinywa chungu kizima atapata kuhara tu. Nilikuwa nimeanza kutofautisha pombe ya siku ya tatu na ya siku ya tano mwalimu aliponikata.

"Inatosha. Maji haya hayana neno. Mwenye neno ni shahidi."

Mama alichukua chungu chake. Alipopita karibu nami alisema, "Kumbe iko kitu unajua."

Nilihukumiwa siku arobaini za toba, nikisali nyuma kabisa, peke yangu, karibu na viatu. Baraza niliachiwa, kwa kuwa sikujikuna tena. Baada ya wiki moja nilikuwa mtu mwenye ngozi safi kuliko wote msikitini na mtu wa mbali kuliko wote. Huku nyuma ya jiko wanaume walipita mmoja mmoja na vibuyu kuchota maji yale, kila mmoja akisema anamchukulia mkewe.

Misafara miwili iliondoka kwenda Kabambare, na yote miwili iliniita. Sikwenda. Sikuwa nimewahi kukaa mahali pamoja siku arobaini, na nilizihesabu kwa mafundo ya uzi, nikikosea mara mbili na kuanza upya, hivi kwamba nadhani nilikaa hamsini. Ijumaa moja mwalimu aligeuka, akanitazama kule kwenye viatu, akasema, "Wewe. Sogea."

Nikasogea. Wa kulia na wa kushoto walibanana nami, na wote wawili walinuka mchele.