Nilimficha Mama, Nikampoteza Mdogo Wangu

Msinipe pole. Kosa ni langu, na nimelibeba hadi limenishinda.

Sisi ni wakulima wa mpunga huku Ruaruke. Mdogo wangu, nimwite Zena, alianza kusikia sauti za watu wasioonekana baada ya kujifungua. Vidonge vya hospitali vilimtuliza. Akarudi shamba, akarudi kucheka.

Kisha hospitalini wakaja watafiti wanaochunguza chanzo cha maradhi hayo ndani ya ubongo. Daktari wao akatuambia taratibu, "Huu ni ugonjwa kama mwingine, na mara nyingine unatembea kwenye ukoo. Kwenu yupo mwingine aliyeugua hivi?"

Zena akanigeukia. "Dada, mama je?"

Mama alifariki Zena bado ananyonya. Mimi namkumbuka! Nakumbuka alivyogombana na ukuta, na kamba waliyomfungia wajomba.

Lakini wiki ile binti yangu alikuwa ameletewa posa kutoka Kibiti, na shangazi wa huyo mposaji alikaa benchi lilelile akisubiri dawa zake. Nikajibu kwa sauti, "Mama alikufa kwa presha. Kwetu hatuna wendawazimu."

Jamani, ulimi huu!

Tulipofika nyumbani Zena akasema, "Kama si la ukoo, basi nimerogwa. Vidonge vya nini?"

Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kumwambia. Nikaendelea kupepeta mchele.

Akaacha dawa. Sauti zikarudi, safari hii zikimwambia mchawi wake ni mimi. Asubuhi moja akamwacha mwanawe kwa jirani, akashika njia ya delta, kule mto unakoingia baharini. Wiki nzima tulimtafuta kwenye mikoko. Hatukupata hata kandambili.

Ndoa ilifungwa. Pilau ya binti yangu mwenyewe sikuionja!

Sasa nasikia mtu akiniita nyuma ya nyumba, mchana kweupe. Natoka, hakuna mtu. Sijui ni majuto, au ya mama yamenifikia na mimi. Juzi nimerudi kwa daktari, nikamweleza yote. Binti yangu nimemwambia pia, maana ni mjamzito.

Wenzangu, mkiulizwa nani kwenu aliugua, mtajeni, hata kama mkwe amekaa pembeni. Mimi nilimsitiri marehemu asiyehitaji kitu, nikamnyima dawa aliye hai.