Siku Mathayo Alipovuka Kwenda Misri

Nina Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo imenirudia yote kwa sababu yenu. Mlikuwa barazani kwangu, wewe na wenzako, mmeizunguka ramani yenu ya dunia mkinyang'anyana nchi. Sina ugomvi na mchezo. Pigeni kelele, pitisheni majeshi, chai nitawaletea. Lakini nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake, "Haki ya mama yangu tena, sikugusi," na hata kikombe hakijapoa akamgusa, akamfuta kabisa. Mkacheka. Nami nilicheka, kisha nikaweka birika chini nikakaa.

Msidhani mchezo huo mmeuleta nyie. Sie tulikuwa nao hapa hapa Mtoni. Wakati ule nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja mjini, nikiishi kwa baba yangu, fundi seremala, Mngoni wa Songea asiyependa maneno mengi. Nilikuwa na mchumba, Mathayo, Msukuma, mwalimu wa jiografia shule ya msingi. Mathayo aliuona mchezo huo chuoni alikosomea ualimu, akaja akaichora dunia nzima kwenye kipande cha plaiwudi, bahari kwa rangi ya buluu iliyobaki walipopaka madirisha ya shule. Majeshi yetu yalikuwa nafaka. Yeye mahindi, mie choroko, na rafiki yetu Hamisi kunde. Dadu tulitumia za ludo.

Huyo Hamisi alikuwa Mzaramo, muuza nazi soko la Buguruni, kijana mwenzetu ila tayari ana mke. Mdomo wake ulikuwa mtaji. Ungekwenda kununua chumvi ukarudi na nazi tatu, na njiani ukajiona umepata bahati. Tulichezea kwenye baraza la mama yake, Bi Zena, ili watu wasije wakasema Tekla wa fundi seremala anakutana na mwanamume vichochoroni. Na kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani, mchezo wetu ulikuwa wa matusi tupu. Hamisi angemwambia Mathayo kwamba kwao hawajui bahari, ndiyo maana meli zake zinazama. Mathayo angejibu kwamba Mzaramo mpe dola, kesho ameigeuza ngoma. Mtani hakasirikiwi, hiyo mnajua. Tulicheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa, Jumamosi hiyo ilikuwa mkesha wa posa yangu. Wajomba zangu wawili walishafika kwa basi kutoka Songea. Mama alishachambua mchele. Kesho yake, baada ya misa, mshenga wa Mathayo alikuwa aje kwa baba kuniomba, na mshenga mwenyewe, nani mwingine? Hamisi. Kwa mdomo ule tungemtafuta nani tena?

Tukasema tucheze kidogo, tutulize moyo.

Hamisi alikuwa ameshika Afrika yote. Mathayo alikuwa na Ulaya. Mie nilijikusanyia Asia, na nikiri tu kwamba nilikuwa nawatesa. Hamisi akataka kunivamia kupitia Uarabuni, lakini ili anivamie ilimbidi azitoe kunde zake zote pale Misri, na juu ya Misri, ng'ambo ya bahari, mahindi ya Mathayo yamejaa tele.

"Msukuma," akasema, "nikitoka hapa utavuka."

"Sivuki, bwana. Tummalize kwanza huyu mwanamke."

"Apa."

"Nimekwambia sivuki."

"Nimesema apa!"

Mathayo akainua mkono juu, anacheka. "Naapa kwa posa ya kesho. Nikivuka, Tekla nimkose."

Hamisi akamtazama kidogo, kisha akazikusanya kunde zote, akazimwaga Uarabuni. Alinipiga vibaya. Nilikuwa bado naokota choroko zangu chini pale Mathayo aliposhika dadu, akarusha, na mahindi yakavuka bahari. Misri ikaenda. Sudani ikaenda. Akateremka nayo Afrika mpaka huku kwetu, akaichukua na Songea ya baba yangu, akapiga makofi na kuimba.

Nilicheka, mwanangu. Kusema kweli nilicheka sana. Kisha nikaona nacheka peke yangu na Mathayo.

Siku nyingine Hamisi angeruka, angemvua Mathayo kiatu na kukimbia nacho mpaka barabarani akidai fidia. Siku hiyo hakuruka. Aliokota kunde zake moja moja, akazitia kwenye kopo.

"Tekla," akasema, "mwambie mwenzio atafute mshenga mwingine."

Mathayo akadhani utani. "Hee! Umepigwa, unanuna?"

"Sijanuna kwa mchezo. Kesho mie nakwenda kukaa mbele ya mzee wa watu, niseme huyu ni mtu wa kuaminika, neno lake ni neno. Nitasemaje? Umeapa kwa posa, na mate hayajakauka ushavuka. Nikisema unaaminika, nitakuwa nadanganya kwenye mkeka wa watu."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Kwani mshenga si mtu wa kupeleka bahasha na kurudi. Anakwenda kumdhamini mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe, na yakija kuharibika huko mbele, yeye ndiye ataitwa aulizwe. Mathayo akaanza kujitetea kwamba mchezo ni mchezo, kwamba kila mtu anajua. Nami niliumia. Kilichoniuma si Afrika. Nilijiona pale kwenye plaiwudi, nimewekwa rehani kwa ajili ya Misri, na rehani yenyewe imeachwa ipotee kwa furaha na makofi. Nikamwambia Mathayo, "Umesema ukivuka unikose. Basi nikose." Nikasimama niende zangu.

"Rudi ukae," ikasema sauti kutoka ndani ya nyumba.

Bi Zena alikuwa ukumbini juu ya mbuzi anakuna nazi, na ukumbi wenyewe umetenganishwa na baraza kwa pazia tu. Alikuwa amesikia kila kitu. Akatoka na bakuli la nazi aliyoikuna, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuikamua kwa mkono wala hatutazami.

"Wewe Msukuma," akaanza, "mie ni mtani wako. Naweza kukutukana toka sasa mpaka magharibi na huna pa kwenda kushtaki. Lakini hili si la utani, kwa hiyo nitasema taratibu. Mchezoni danganya, baba. Fanyeni mapatano myavunje, mzungukane, mviziane. Nawasikia kila wiki, na nikipata nafasi nitacheza na mie. Lakini weka mezani vya mezani. Mahindi yako, kunde zake, Misri, Ulaya. Huyu mtoto wa watu nani alikwambia umweke humo?"

Mathayo akainama.

"Ungemwambia sivuki, ukavuka, wote tungecheka. Sivuki ni neno la mchezo. Posa ulikwenda kuichukua nje ya mchezo ili mwenzio akuamini, halafu ukaifanya nayo kunde."

Hamisi akajikohoza, na uso wake ukaanza kupata furaha. Mama yake akamgeukia. "Na wewe usitabasamu. Nani aliyesema apa, apa? Kama ulimwamini, neno lake lingekutosha. Kama hukumwamini, ungeacha askari Misri. Kiapo ulikitakia nini? Ungekuwa na akili ya vita kama ulivyo na mdomo, leo tusingekuwa hapa."

Mwanangu, nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Bi Zena hakunisema mie neno. Alinipa tu kile kigoda chake nikalie, akaingia ndani na machicha yake.

Tukabaki watatu, plaiwudi katikati. Hamisi ndiye aliyesema kwanza. "Nitakwenda. Ila nitasema yote. Mazuri yako nitayasema, na hili nitalisema."

Fikirieni. Mbele ya baba yangu, mbele ya wajomba waliosafiri siku nzima, mshenga aseme kwamba mposaji ameapa uongo kwa posa yenyewe. Watu wanakataliwa kwa madogo kuliko hayo. Mathayo alikuwa anageuza punje moja ya hindi vidoleni. Nilimtazama usoni kwa sababu nilitaka kujua naolewa na nani, kama naolewa.

"Kaseme," akasema mwishowe. "Usipunguze."

Kesho yake nilikuwa chumbani na shangazi, sikio kwenye pazia. Hamisi alikuja na kanzu nyeupe na koti, amependeza kuliko mposaji yeyote. Akasalimia, shikamoo kwa kila mtu na jina lake, akasema alilotumwa. Akamsifu Mathayo. Hanywi, kazi anaipenda, wazazi anawakumbuka kila mwezi. Sauti ya sokoni kabisa, tamu. Kisha ikashuka.

"Lakini mzee wangu, kuna jambo."

Akalieleza lote. Ramani, nafaka, kiapo, Misri. Shangazi akanifinya mkono mpaka nikauma kanga.

"Aliyekutuma useme haya ni nani?" baba akauliza.

"Ni mimi nilitaka kusema, mzee. Naye akaniambia nisipunguze."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Nilisikia kiti cha baba kikilia, kile alichokitengeneza kwa mkono wake, na nikajua anajiweka sawa kutoa hukumu.

"Alichukua na Songea?"

Hamisi hakutegemea swali hilo. "Aa... ndiyo, mzee. Songea pia."

"Hiyo Songea airudishe kwanza, ndipo tuzungumze."

Mjomba mkubwa akapasuka kicheko, akafuata mdogo, na mwisho nikamsikia baba yangu, mtu ambaye kicheko chake nilikuwa nakihesabu kwa mwaka, anacheka na kukohoa. Shangazi aliuachia mkono wangu. Nilidhani yamekwisha, kumbe bado. Vicheko vilipotulia baba akaniita. Nikatoka nimejifunika kanga, macho chini.

"Umesikia haya yote?"

"Nimesikia, baba. Nilikuwepo."

"Aliyewekwa rehani ni wewe, si mimi. Huyu mtu unamtaka?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo na kukimbia, kama wasichana wote. Ndiyo haikutosha. "Namtaka," nikasema, "ila asiniapie tena. Akisema jambo aliseme tu, nitaona mwenyewe."

Mama, kule mlangoni, akashika mdomo. Baba akamtazama Hamisi. "Umelisikia sharti? Kampelekee."

Hamisi alilipeleka, mwanangu, na lilishikwa. Toka siku hiyo Mathayo hakuniapia. Akisema atarudi saa kumi, anarudi saa kumi, au anakuja kuniambia kwa nini hakurudi. Mchezo tuliendelea nao, na mchezoni alinidanganya kila wiki bila huruma, na mie nikamlipiza, na tulikuwa na raha zetu.

Siku ya ndoa, kanisani, padri alipofika mahali pa kiapo, Mathayo akanyamaza. Watu wakaanza kunong'ona. Mama yake, aliyetoka Usukumani na kitenge kipya, akashika kifua. Padri akarudia. Naye badala ya kumjibu padri akanigeukia mimi, macho yamemtoka, ananiuliza bila sauti kama inaruhusiwa.

Nikamwitikia kwa kichwa. Hapo ndipo akaapa.

Mathayo huyo ndiye yule mzee mnayemwamkia mkiingia, anayelala kwenye kiti redio ikizungumza peke yake. Kiapo kile cha kanisani hajakirudia, wala sijamwomba arudie.

Basi, mwanangu, ninachokuomba ni kidogo. Chezeni. Pangueni dunia nzima hapo barazani, mpangane mpanguane, atakayeshinda ajigambe mpaka achoke. Lakini mama yako mwache jikoni kwake, mchumba wako mwache kwao, na Mungu usimburute kwenye Misri ya kuchorwa. Ukitaka mtu akuamini, mpe muda akuone. Na wewe unayedai kiapo kwa mwenzako, acha askari wako Misri, usimlazimishe mtu kuweka rehani asichoweza kukilipa. Na mkikoseana, maana mtakoseana, yasemeni yote wala msipunguze.

Mungu awape marafiki wanaokataa kusema uongo kwa ajili yenu, na awape watu wa kuwacheka kwa upendo mkitubu. Awafikishe kwenye posa zenu mkiwa na maneno machache, na kila mlilosema likutwe pale mlipoliacha. Amina. Haya, nani alikuwa na zamu ya dadu?