Mmoja kati ya Kumi na Wawili

Tangu mama yake arudi kutoka hospitali na habari kwamba picha ya titi lake la kushoto imeonyesha kivuli, na kwamba ameambiwa arudi apimwe zaidi, Kavinya hakutulia. Chumba chao cha mtaa wa Mbotela kilimbana. Alipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa, akafungua dirisha, akalifunga.

Mama yake, Kasiva, alikuwa mpishi kwenye kibanda cha nyama choma katika soko la Burma, mtu wa kumeza mambo yake kimya. Kavinya alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akisomea takwimu, na wiki hiyo walikuwa wamefundishwa jinsi uwezekano unavyobadilika mtu akipata habari mpya. Akaishika hesabu hiyo kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi.

“Mama, hebu sikiza. Chukua wanawake elfu moja. Tuseme kumi ni wagonjwa. Picha inawanasa tisa. Lakini kwa wale wazima mia tisa na tisini, inawashtua bure tisini na tisa. Wote walioambiwa warudi ni mia moja na wanane, na wagonjwa humo ni tisa tu. Mmoja kati ya kumi na wawili.”

Kasiva aliuliza, “Kwa hivyo wengi hawana kitu?”

“Wengi hawana.”

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, Kavinya alimkuta mama yake amefunga aproni, yuko mlangoni.

“Unaenda wapi?”

“Kazini. Si ulisema wengi hawana kitu? Basi mimi niko kwa hao wengi.”

Kavinya alimzuia mlangoni. “Sikusema hivyo! Hesabu haijui wewe ni yupi.”

“Sasa ilikuwa ya nini?”

Kavinya akaiweka kando hesabu ya darasani. “Mama, kule kazini, ukiambiwa kati ya mitungi kumi na miwili ya gesi mmoja unavuja, utawasha moto?”

Kasiva akafungua aproni, akaitupa kitandani. “Twende. Lakini tukichelewa utamweleza bosi wangu wewe.”

Hospitalini walimtoa Kasiva kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe. Siku za kungoja majibu, Kavinya alisoma ukurasa mmoja mara nyingi asione neno. Walipoitwa, daktari aliwaambia ni uvimbe wa kawaida, si saratani.

Pale kwenye korido Kasiva alicheka kwa sauti, akampiga bintiye begani. “Si ulisema! Mtoto wangu anajua mambo.”

Kavinya alitaka kumwambia kwamba hakujua chochote, kwamba hesabu ingekuwa ileile hata kama majibu yangekuwa mabaya. Lakini mlango wa daktari ukafunguka, muuguzi akaita jina lingine, na mwanamke mmoja aliyekuwa benchi moja nao akainuka, mkoba ameukumbatia kifuani.

“Kavinya, twende basi,” mama yake alisema, tayari yuko mbele.

Kavinya alibaki pale akimtazama yule mwanamke akiingia; mmoja kati ya kumi na wawili angeweza kuwa yeye.