Afande Asiyeuliza

Eti mpelelezi asiyeuliza maswali ni mlinzi wa geti aliyepewa kofia? Hivyo ndivyo dereva wetu aliniambia uani pa nyumba tunayofanyia kazi Riyadh, mimi naanika mashuka, yeye anafuta gari la baba mwenye nyumba. Mkenya mwenzangu huyo, na mdomo kama wangu.

"Dadangu, afande wako analala kazini. Msichana amevamiwa, yeye anaosha vikombe?"

"Anaosha, ndiyo! Wewe umewahi kuosha hata kimoja?"

"Nauliza tu. Mbona hamuulizi huyo msichana kwa nini hakupiga kelele?"

Nilimrushia kibanio cha nguo. Sikumkosa.

Afande huyo ni wa hadithi, nilimtunga mwenyewe. Shule niliiachia kidato cha pili, na upelelezi nilijifunza kwenye vipande vya gazeti vya kufungia nyama. Kila mara gazeti lilikuwa limekatwa kabla mwizi hajashikwa, basi namshika mwenyewe. Hadithi nilimsimulia rafiki yangu mmoja aliyekuwa Jeddah, kwa sauti za simu, dakika tatu tatu, nikipiga pasi. Tulikutana kwa ajenti Nairobi, tukalala kitanda kimoja mwezi mzima tukifunzwa mashine ya kufua. Nilipigana na wasichana wawili waliomcheka meno. Halafu yeye akapelekwa Jeddah, mimi Riyadh. Katika nyumba ile nilisikia yalla, fanya haraka, kutwa nzima, na hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Yeye aliniuliza kila asubuhi.

Afande ana alama za meno kiganjani. Hizo ni zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu majambazi walipoingia kwetu na mapanga. Niliingia chini ya kitanda na mdogo wangu, nikamziba mdomo, akaning'ata mpaka wakaondoka. Mama walimkata begani. Asubuhi polisi alisimama katikati ya nyumba na viatu vyake vya matope, akaniuliza mimi, mtoto: "Kwa nini hukupiga kelele?"

Ndiyo maana afande wangu anavua viatu mlangoni. Anaosha vyombo alivyovikuta, anakaa chini, anangoja mtu aanze mwenyewe. Swali lile haulizi hata umpandishe cheo.

Sasa sikia nilichofanya.

Siku moja rafiki yangu alinitumia sauti akiwa bafuni, amefungulia maji. Madam wake alikuwa amempiga mgongoni na waya wa pasi. Alinong'ona tu, hata hakulia. Damu ikanipanda, nikabonyeza simu nikapayuka: "Na wewe kwa nini hukupiga kelele? Majirani si wapo? Mimi ningemng'ata!"

Nikatuma. Nilipojisikiliza nilitaka kuifuta, lakini tiki zilishakuwa bluu.

Hakujibu. Niliendelea kutuma hadithi, akasikiliza zote. Miezi ikapita hivyo, mimi nikiongea na pasi.

Shule zilipofungwa, familia ilienda Jeddah kwa dada yake madam. Siku ya pili tulitumwa mkate, na dereva, yule yule, akakata kona kuelekea Sharafiya, mtaa wa rafiki yangu, bila mimi kumsihi.

"Dakika kumi," alisema. "Ukichelewa, mimi sikujui."

Jengo nililijua kwa picha alizonitumia zamani: duka la simu chini, pazia la kijani ghorofa ya tatu. Nilimwonyesha bawabu uso wa rafiki yangu kwenye simu. Akatikisa kichwa.

"Mafi. Halas. Riyadh." Hayupo, basi, kaenda Riyadh. Akainua vidole viwili. Miezi miwili.

Amehamishiwa kwa mwajiri mwingine, kafili mpya. Riyadh! Kwangu! Miezi miwili tumekuwa mji mmoja, na nilikuwa namtumia hadithi nikidhani yuko Jeddah.

Nilirudi garini. Dereva alinitazama, akaniwekea mkate mapajani, bado una moto, akaendesha.

Tumesharudi Riyadh. Madam akinipeleka madukani Sulimaniyah kumbebea mizigo, namtazama kila mwanamke mweusi aliyeshika mtoto wa wenyewe, mpaka madam ananivuta mkono. Jioni namwona rafiki yangu yuko mtandaoni, jina lake liko pale juu, halafu linaondoka. Jana nilimtumia sauti isiyo na hadithi yoyote. Nilisema nimekosa, nilimuuliza kama yule polisi, na akitaka asiniambie kitu tena milele, lakini anijulishe tu kama mgongo umepona.

Ameisikiliza. Wewe ungekuwa yeye, ungenijibu?