Samadi Mbichi

Lori la samadi likipita nje ya dirisha langu, narudi kimawazo kwenye bustani yetu ya kijijini Ganako, penye udongo mwekundu na ukungu wa asubuhi.

Kina mama wa kikundi cha bustani walikuwa wameketi juu ya magunia. Desturi yao ilikuwa moja: kabla hujasifia mboga zako, ueleze kwanza kilichokushinda. Zamu ya mama yangu ilipofika, aliweka mbele yao miche ya kabichi iliyoungua majani, kana kwamba imemwagiwa maji ya moto.

"Jirani alinishauri niweke samadi," alisema. "Nikaiweka ikiwa bado mbichi."

Jirani yetu, aliyekaa pembeni, alivuta khanga mabegani. "Hata kabichi zangu ziliungua hivyo hivyo msimu uliopita. Niliona aibu kusema."

"Basi aibu yako ndiyo imeunguza zangu," mama alijibu, bila kupaza sauti.

Jioni jirani alikuja na miche ndani ya sufuria, akapiga magoti akaipanda mwenyewe, mama akimwagilia nyuma yake.

Siku hizi samadi yangu naiacha ioze mpaka iishe harufu. Mtu akiniomba ushauri wa bustani, namwonyesha kwanza miche yangu iliyokufa.