Pichi ya Mwakitolyo

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kufundisha kriketi nilifika kabla geti la ofisi halijafunguliwa, nikazunguka soko la Shinyanga huku nikijiuliza kama kuwahi mno nako ni kosa. Katibu wa chama cha kriketi alinikuta nimesimama kivulini. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Aliitikia marahaba mara moja, akatazama viatu vyangu vipya, akasema kazi ya siku hiyo ilikuwa ya udongo.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mtashangaa kunisikia nasimulia kama mstaafu, maana sina hata mvi moja. Lakini kazi ile kwangu imekwisha, na nimewaza sana, nikaona kitu kilichokwisha kinaweza kusimuliwa.

Kriketi niliipenda kabla sijajua inaitwaje. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na Jumapili wafanyabiashara wa mjini walicheza kwenye kiwanja cha jirani. Mama alinilaza mkekani barazani baada ya chakula. Nilisikia mpira ukigonga gongo, kimya kirefu, halafu makofi ya watu wachache kwa mbali. Nyuzi za pamba zilielea juani. Mpaka leo sina hakika kama mechi ya kwanza niliiona au niliiota.

Katibu alinifundisha pichi, yaani ule ukanda mgumu wa katikati ambapo mpira hudunda kabla ya kumfikia mpigaji. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu, kwa hiyo pichi hutengenezwa kwa udongo wa kichuguu. Unaupepeta, unaumwagilia, unaufunika ushike unyevu, kisha unaushindilia na kuuviringishia pipa lililojazwa zege. Ukiharakisha, mpira utaruka usoni kwa mtu.

"Ukanyage kama unamkanda mgonjwa," aliniambia. "Lakini usiugue wewe, binti. Naona umeanza."

Baadaye nilipelekwa Nyahanga, Kahama, kwenye shule ambayo Mwalimu Mkuu wake aliiita pichi yangu kaburi. Kila asubuhi aliniuliza marehemu anaendeleaje. Alipoona wasichana wake wanabaki kucheza hadi jua linazama, aliacha kuuliza, na siku moja nilimkuta anaimwagilia mwenyewe, koti kaliweka begani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mwakitolyo, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Kulwa, alinipa kiwanja kwa majaribio. Walikuwapo watu waliokitaka ili wafunge karasha, mashine ya kusaga mawe. Alisema wasichana wa shule ya pale wacheze mechi yao Jumamosi, wananchi waone, kisha mkutano uamue. Mechi isipokuwapo, kiwanja kinakwenda kwa karasha.

Basi niliilinda pichi ile kuliko zote. Nilileta udongo wa kichuguu kwa toroli, nikaupepeta, nikazungusha kamba. Nilifunika kwa turubai, nikakaa kutwa pembeni na mwavuli, nikimwomba kila anayekaribia apite mbali.

Ijumaa asubuhi nilikuta mashimo. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri kando.

Nilikimbilia kwa Mama Kulwa. Alimwita kiongozi wa wachimbaji, ambaye watu walimwita Bosi wa Duara. Duara ndilo shimo la dhahabu. Alikuja na vumbi kichwani, wala hakukana.

"Mwalimu, kichuguu hutoa udongo chini kabisa, ndiyo maana sisi hukipima dhahabu kwanza," alisema. "Wewe umeubeba, umeupepeta, umeufunika, umeukalia na mwavuli. Tungefikiri nini?"

Nilimwambia ni wa kuchezea mpira.

"Mpira gani unalindwa hivyo?"

Mama Kulwa alimuuliza walichopata.

"Tumeosha karai zote, mayu, mama yetu. Hata punje."

Watu walicheka, na Bosi akacheka nao. Mimi kichwani nilikuwa nimeshaiona karasha inanguruma pale na wasichana wangu wamesimama nje ya uzio. Nilimpigia Katibu. Alisema pichi mpya haiwezi kukauka kwa siku moja. Nifukie mashimo watu wasivunjike miguu, mengine niamue mwenyewe, yeye yuko mbali.

Mimi na wasichana tulifukia. Kisha nilizunguka kiwanja chote nikiangusha mpira. Kwenye mchanga ulizama, kwenye nyasi ulikufa. Ukingoni kulikuwa na njia ya miguu inayokwenda machimboni, imekanyagwa na watu, baiskeli na ng'ombe. Nilipouangusha hapo, mpira ulipanda ukarudi mkononi mwangu. Nikaangusha tena, maana sikuamini, kisha tena kwa sababu ulikuwa unapendeza.

Jumamosi tulisimika wiketi, vile vijiti vitatu vya kila upande, katikati ya njia. Kuifunga haikuwezekana, watu walikuwa na kazi zao. Mimi nilikuwa mwamuzi. Akitokea mpita njia niliinua mkono na mchezo ukasimama. Akapita mama na beseni la maandazi. Akapita mtu anasukuma baiskeli yenye viroba vya mawe. Wakapita ng'ombe, bila haraka yoyote. Kila mmoja alisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, na wasichana waliitikia mwangaluka, magongo yao chini kama fimbo. Wengine walipita. Wengine walikaa, na vumbi likatua juu yetu sote.

Bosi alifika akasimama katikati. "Nipite, au mwalimu atafunika na turubai?"

Nilimwambia apite. Aliomba kurusha mpira mmoja. Ulikwenda mbali na wiketi, ukaingia kwenye beseni la mama wa maandazi, na mpigaji akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni, kwenye mkutano, wenye karasha walieleza watakavyozungushia uzio. Mtu mmoja aliuliza njia itapita wapi. Mwingine, nadhani mama wa maandazi, akauliza na mpira je. Mama Kulwa alitoa uamuzi: kiwanja kiwe cha shule, njia isifungwe, na mwalimu asionekane tena na turubai.

Mkataba wangu uliisha msimu huo, na fedha za kuuongeza hazikupatikana. Sasa niko Shinyanga natafuta kazi. Kuna siku nawaza kama miaka michache inatosha kuitwa maisha ya kazi, nawaza hadi chai inapoa.

Siku ya kuondoka Mwakitolyo nilibeba begi langu nikashika njia ile. Wasichana walikuwa mazoezini. Aliyekuwa mwamuzi aliniona, akainua mkono, mchezo ukasimama. Nikapita katikati ya wiketi, nikihofia kwamba natembea polepole mno. Wote walingoja.