Nilipochagua Ungo

Watu walinikimbia sokoni Gongoni mchana kweupe. Si mbio za mchezo, jamani. Muuza muhogo aliacha hadi biashara yake.

Nami nilikuwa nimeshika ungo, nachekacheka na kila mtu, vile nilivyofundishwa.

Naitwa Kabibi. Mjane, kichwa chote mvi. Nilitaka uwakilishi wadi, mgombea huru, kwa sababu hawa tuliowachagua wametuchezea vya kutosha.

Malindi kulikuwa na mafunzo ya wanawake wanaogombea mara ya kwanza. Mwalimu wetu Fridah, mtu wa bara, mkali lakini roho safi.

"Mama, usipake nywele rangi. Mvi ni heshima."

Heshima kwao! Kwetu huku mvi zimewatoa watu roho.

Ilipofika zamu ya kuchagua alama ya kura, nikakwama. Aliyenisindikiza ni shemeji yangu Nyale, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Ungo, shemeji! Upepete pumba zote za wadi hii!"

Fridah akapiga makofi, Nyale naye akapiga. Mimi nikawaza mchele, nikakubali. Mjinga wa mwisho!

Mabango yakatoka. Juu mvi zangu, chini ungo. Na nani Pwani hii asiyejua wachawi husafiri na nini?

"Bibi, leo unaruka wapi?" Vijana wa bodaboda hao.

Kisha mawe juu ya bati. Kisha majirani wakaacha kuitikia salamu yangu. Nilimpigia Fridah, akalia kwenye simu.

"Nisamehe, mama. Sikujua. Toka hapo, njoo Malindi."

Nyale naye akaja, sauti ya upole. "Hama kwanza, shemeji. Shamba nitakuangalizia."

Wallahi nilimshukuru. Lakini miguu ilikataa. Shamba lile ndilo pekee aliloniachia mume wangu.

Siku moja vijana wa kijiji wakaja na mapanga, jua linawaka. Nyale yupo nyuma yao. Nilikaa kizingitini nikasali.

"Ngojeni!"

Alikuwa Kadii, mke wa Nyale, na ungo wake mkononi. Nyuma yake wanawake wa kijiji, kila mmoja na wake, nyingine bado zina unga.

"Nyumba gani hapa haina ungo? Mahindi ya ugali mnaokula yanapepetwa kwenye nini? Haya, anzeni na mimi!"

Kijana mmoja akamwona mamake pale. Panga likashuka.

Kadii akamgeukia mumewe. "Nyale, waambie ulichoniambia ulipotoka Malindi. 'Akishika ungo tu, shamba letu.' Sema basi!"

Nyale akapenya katikati ya vijana, akaenda zake. Nikaelewa, nikatamani ardhi inimeze.

Kura sikupata, nilishindwa vibaya. Lakini shamba ninalo, na shingo ninayo.

Ndugu zangu, mafunzoni mtafundishwa kuomba kura na kuhutubia. Kumjua anayekupigia makofi, hilo utajifunza mwenyewe. Mimi nusura nilijue kaburini.